Je, Tuna Deni Gani kwa Marehemu Wetu?

Kuna swali ambalo nimelibeba kwa miaka mingi, na kwa kuwa sasa nimestaafu kazi ya ualimu na siku zilizobaki si nyingi kama zilizopita, naona si vema kuendelea kulificha. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyemkosea mwenzake, na mwenzake huyo akafa kabla ya kuombwa radhi, aweza kulilipa deni hilo? Na ndani ya swali hilo limo la pili: Mkristo anayetamani kuwa karibu na wafu wake, je, anatenda dhambi, au anatenda jambo la haki?

Nisije nikadhaniwa nasema maneno ya vitabuni tu, nitaanza na yale yaliyotokea nyumbani kwetu.

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikazama pamoja na mamia ya watu. Ilikuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo. Mdogo wangu alikuwamo, amekata tiketi ya daraja la tatu, akienda Mwanza kununua vipuri vya baiskeli. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Sisi tulikwenda Mwanza kumtafuta, tukapita kati ya maiti tukifunua nyuso, hatukumwona. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wale wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Wengi waliopatikana wasitambuliwe walizikwa pamoja Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Kama mdogo wangu yumo Igoma au yumo ziwani, Mungu peke yake ndiye ajuaye.

Wasomaji wa kwetu hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Sisi Bahaya humzika mtu wetu kibanjani, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Asubuhi mama akitoka kukata ndizi hupita karibu na mumewe, na jioni watoto hucheza karibu na babu yao. Kaburi ndilo linalotuambia kwamba kibanja ni chetu na kwamba marehemu bado ni wa nyumba hii. Mtu asiye na kaburi kibanjani ni kama mtu aliyetoka bila kuaga: mlango haufungwi wala haufunguliwi.

Mwaka uliofuata mama aliomba apelekwe Igoma. Hakukubali kupanda meli. Tulikwenda kwa basi, kwa njia ya Biharamulo na Geita, na kwa kuwa siku hizo daraja halikuwapo bado, tulivuka kwa kivuko cha Busisi, naye alifumba macho mpaka ng'ambo. Pale Igoma alisimama kimya kwa muda mrefu. Kisha aliinama, akateka udongo kwa mkono, akaufunga katika pindo la kitenge chake. Tuliporudi nyumbani alichimba shimo dogo kando ya kaburi la baba, akautia udongo ule, akaufukia, akaweka mawe matatu juu yake. Tangu siku ile akawa akipita hapo asubuhi, anasimama na kusema maneno machache kwa sauti ya chini.

Siku moja nilimkuta. Nikamwambia, "Mama, udongo si mtoto. Hayo ni mambo ya mizimu. Wewe ni Mkristo, tena ni mama wa mwalimu. Watu watasemaje?"

Mama hakunijibu. Alipangusa mikono yake, akaingia ndani. Na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mdogo wangu mbele yangu, mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 2011. Kwa miaka mingi nilidhani nimemfundisha. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya mtu wa kuzungumza naye.

Hilo ndilo deni ninalolisema.

Sasa, ndugu msomaji, sitaki nijihukumu upesi kuliko inavyopasa, kwa maana maneno yangu yalikuwa na sababu. Wazee wetu wa zamani waliwaogopa marehemu. Mzimu ulihesabiwa kuwa na hasira: mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mvua ikikawia, ilisemwa kwamba fulani aliyekufa amekasirika, naye lazima atulizwe kwa vyakula na damu. Wakristo wa kwanza wa nchi hii waliviacha vibanda vya mizimu kwa gharama kubwa. Wengine walitengwa na koo zao. Baadaye ndugu zetu wa Uamsho walisisitiza kwamba mtu aliyeokoka asitie mguu huku na huku. Nami nililelewa katika mafundisho hayo, na nayaheshimu hata leo.

Tena Biblia yenyewe haina mzaha katika jambo hili. Katika 1 Samweli 28 twasoma habari za mfalme Sauli, aliyekuwa amewafukuza waaguzi katika nchi, kisha yeye mwenyewe akajibadilisha mavazi akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, ili aitiwe Samweli aliyekufa. Angalieni sababu iliyompeleka. Hakwenda kwa kumpenda Samweli. Alikwenda kwa kuogopa Wafilisti. Alitaka kumtumia marehemu kama mtu atumiavyo dira. Alirudi akiwa na hofu kuliko alivyokwenda, na kesho yake akafa vitani.

Basi nilipomkemea mama, mawazo yangu yalikuwa Endori. Kosa langu ni kwamba sikumwuliza alikuwa akisema nini pale kwenye mawe.

Jibu nililipata siku ya msiba wake, kwa kinywa cha jirani yetu, mama mmoja mzee aliyekuwa rafiki yake. Aliniambia kwamba miezi michache baada ya ajali ya meli alikuja mtu mmoja pale nyumbani, mimi nikiwa kazini, akasema anaweza kumletea mama sauti ya mtoto wake. Alidai kwamba kijana hajapumzika, yuko majini anasikia baridi, naye anataka mbuzi mmoja na fedha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu alipokuwa hai hakunidai hata ndizi moja. Kufa ndiko kumemfanya awe mdai?" Akamfukuza.

Nikamwuliza yule jirani, "Na pale kwenye mawe alikuwa akisema nini?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Alikuwa akimwombea kwa Mungu," akasema. "Na akimaliza alikuwa akimwambia mtoto wake habari za nyumbani. Nani ameoa, nani amezaa. Hivyo tu."

Ndugu msomaji, nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, nami nilijua kutofautisha nomino na kitenzi. Lakini mama yangu, ambaye hakupita darasa la pili, alikuwa amekwisha kutofautisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyachanganya: kumtafuta marehemu ili akupe kitu, na kumpenda marehemu bila kumdai kitu. La kwanza ndilo Endori. La pili silioni likikatazwa popote.

Tena Biblia inatuonyesha watu wa Mungu wakiwatendea wafu wao kwa upole na bila haraka. Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, na Yusufu hakuwaambia wanyamaze. Wana wa Israeli walimlilia Musa siku 30. Na Musa mwenyewe, usiku ule wa kutoka Misri, kila mtu akikimbia na unga na mifugo yake, aliichukua mifupa ya Yusufu, kwa sababu ya kiapo ambacho wazee wao waliapa zamani. Hebu fikirini: safari ya miaka 40 jangwani, na miongoni mwa mizigo kuna mifupa ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona. Hakuna aliyemwuliza Yusufu njia. Walimbeba tu, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Kanisa letu la Anglikana hapa Tanzania limezaliwa na mama wawili: UMCA kwa upande wa Unguja, Masasi na pwani, na CMS kwa upande wa bara, ambao ndio ulioenea huku kwetu. Ndugu zetu wa asili ya UMCA wamezoea kuwaombea marehemu kwa majina yao. Sisi wa asili ya CMS tumekuwa wazito, tukiogopa kwamba sala hizo zitaficha kazi ya msalaba. Sitaki kuamsha ugomvi wa zamani. Lakini nataka tukumbuke yaliyolipata Kanisa la Uingereza lenyewe wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Vijana wa Kiingereza walikufa Ufaransa na Ubelgiji kwa malaki. Serikali yao iliamua kwamba maiti zisirudishwe nyumbani, na wengi hawakupatikana kabisa. Mama wa Kiingereza akawa kama mama yangu: ana mtoto aliyekufa, hana kaburi. Wengi walikimbilia kwa watu waliodai kuzungumza na roho za wafu, na hata watu wenye elimu kubwa walinaswa humo. Makasisi walioona jambo hilo walielewa kwamba karipio peke yake halitoshi. Sala za kuwaombea marehemu, ambazo zamani zilikuwa nadra katika ibada ya watu wote, zikaanza kuenea. Na kasisi mmoja wa jeshi, jina lake David Railton, ambaye mwaka 1916 aliona huko Ufaransa kaburi la askari asiyejulikana jina, akatoa wazo kwamba mmoja wa hao wasiojulikana arudishwe akazikwe kwa heshima kwa niaba ya wote.

Jambo hilo lilitendeka tarehe 11 Novemba 1920. Askari asiyejulikana alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, mahali walipozikwa wafalme wengi wa zamani, na mfalme mwenyewe akafuata jeneza kwa miguu. Watu wengi mno walipita hapo, kila mama akijiambia moyoni kwamba labda huyu ni wake. Na kaburi lile lilijazwa udongo ulioletwa kutoka Ufaransa.

Niliposoma habari hiyo ya udongo nilifunga kitabu. Maaskofu na mfalme walileta udongo kutoka ng'ambo ya bahari, wakautia kaburini mwa kanisa kubwa, na ikaitwa ibada. Mama yangu alileta udongo wa Igoma katika pindo la kitenge, nami nikauita ushirikina. Tofauti ilikuwa nini, kama si kwamba mmoja alikuwa mfalme na mwingine mjane wa Muleba?

Lakini mama si mtu wa pekee niliyemkosea kwa namna hiyo. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata madarasa yetu yalijaa yatima. Chuo cha ualimu kilitufundisha hatua za kukua kwa mtoto na namna ya kuandaa somo, lakini hakikutufundisha tufanye nini mtoto anapolala juu ya dawati kwa sababu usiku hakulala. Sisi tulisema, "Nyamaza, jikaze, wewe ndiye baba wa nyumba sasa." Mtoto wa miaka 11! Tulidhani kutomtaja mama yake ni kumhurumia.

Kisha mwaka 1997, hapa hapa Muleba, katika kijiji cha Nshamba, ulianzishwa mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kutuliza au kuliwaza, kwa msaada wa shirika la Terre des hommes la Uswisi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha walimu kutambua majonzi ya yatima na kuwaacha wayaseme. Yatima wenyewe baadaye waliunda chama chao, wakakiita Vijana Simama Imara. Na nchi jirani ya Uganda, katika miaka hiyo ya 1990, akina mama wenye virusi wa chama cha NACWOLA waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai: ukoo wetu ni huu, ulizaliwa siku fulani, uliponyonya ulikuwa hivi, mimi mama yako napenda wimbo huu. Akina mama hao hawakuwaambia watoto wao, "Nikifa, nisahau." Waliwaachia kitu cha kushika mkononi.

Wenye elimu ya nafsi nao wamefika mahali hapo kwa njia yao. Mwaka 1917 Sigmund Freud aliandika kwamba kazi ya huzuni ni kuuondoa moyo kidogo kidogo kutoka kwa aliyekufa ili uweze kushika kingine, na wengi waliomfuata walifundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini mwaka ule ule wa 1996, mwaka wa meli yetu, Wamarekani watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi hawakati kamba ile, nao si wagonjwa. Wazazi waliofiwa na watoto wanaendelea kuwa wazazi wao. Kinachobadilika ni namna ya kuwapenda.

Siku hizi, katika nchi zenye fedha, kumezuka mafungo ya wafiwa, ambamo watu hukaa siku kadhaa mahali pa utulivu ili wajisikie tena karibu na marehemu wao. Mengine ni mema: watu hulia, husimulia, huomba. Mengine ni Endori yenye vitanda vizuri. Hata mashine zimeingia: mwaka 2020 huko Korea ya Kusini televisheni ilimwonyesha mama akivaa miwani maalumu, akamwona na kumsikia binti yake aliyekufa, sura na sauti vikiwa vimetengenezwa na kompyuta. Simhukumu mama yule, nani asiyemwelewa? Lakini yale maneno hayakuwa ya binti. Yaliandikwa na watu wengine. Naona hapo ndipo ulipo mpaka. Kumweleza marehemu habari zetu ni upendo. Kumtilia maneno kinywani ni kumnyang'anya hata kimya chake, ambacho sasa amekabidhiwa Mungu.

Sasa narudi kwenye deni langu. Nimwombe mama radhi kwa njia gani? Siwezi kumwita kama Sauli alivyomwita Samweli. Tena siwezi kujifariji kwa kusema kwamba yaliyopita yamepita, kwa maana katika Luka 20 Bwana wetu aliwajibu Masadukayo kwamba Ibrahimu, Isaka na Yakobo wako hai mbele za Mungu. Basi mama yangu naye yu hai mbele zake, na mtu aliye hai bado ana haki yake. Twaungama Ushirika wa Watakatifu kila tunapoikiri Imani ya Mitume. Kama ushirika huo ni wa kweli, haukatwi na mauti.

Jibu nimelipata mahali nisipopategemea, katika sheria ya Musa, Hesabu sura ya 5. Pale imeagizwa kwamba mtu aliyemkosea mwenziwe na aungame, alipe, na aongeze sehemu ya tano. Na kama aliyekosewa hayupo tena, wala hana jamaa wa kupokea malipo, malipo hayo yatakuwa ya Bwana, yaani apewe kuhani. Deni halifi pamoja na mwenye kudai. Linahamia kwa Mungu, naye Mungu huagiza lilipwe kwa nani.

Kwa hiyo naungama kwa Mungu, ambaye mama yu mkononi mwake, na kulipa nalipa kwa watu waliofanana naye. Wapo parokiani mwetu. Wapo waliopoteza watu wao katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Wapo wanaokumbuka ndege iliyoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19. Na wapo wengi zaidi ambao misiba yao haikutangazwa redioni. Wahenga husema, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sisi huingia vizuri. Tatizo letu ni kwamba tunatoka mapema: matanga yakiisha, masufuria ya kuazima yakirudishwa, mfiwa hubaki peke yake na ukuta.

Naomba parokia ifikirie jambo moja dogo. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu waaminio, tuwe na mafungo ya siku moja kanisani, bila kiingilio na bila michango. Kila mfiwa aje na jina, na akitaka aje na kitu: picha, kofia, daftari la shule. Majina yasomwe mbele ya madhabahu, hata ya wasio na makaburi. Kisha watu wakae, mmoja asimulie na wengine wasikilize, na asiwepo mwalimu wa kumkatiza.

Mimi nitakuja na jina la mdogo wangu na la mama yangu. Mama tulimzika kibanjani, kati ya baba na yale mawe matatu. Asubuhi nikienda kukata ndizi hupita hapo. Humshukuru Mungu kwa ajili yao, humwomba anisamehe, kisha husema habari za nyumbani kwa sauti ya chini: nani ameoa, nani amezaa. Sisikii jibu, wala silitafuti. Bwana ndiye anayejua kuzifikisha.

Yeye aliyelia kaburini kwa Lazaro na awafariji wote wanaolia. Amina.